Wasomaji Wanauliza: Kabla ya Kukokotoa pH, Jua Kilichomo Majini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu pH, nazo zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali: wanafunzi, mwalimu, fundi wa maabara, mpishi, muuguzi na mfugaji wa samaki. Katika karibu barua zote hesabu iliyofanywa kwenye kikokotoo ni sahihi, lakini mwandishi hakujiuliza kwanza ni vitu gani vimebaki ndani ya maji baada ya kila kitu kutulia. Kwa hiyo katika kila jibu nitaanza na swali hilo, kisha ndipo nitagusa fomula. Alama [H⁺] inamaanisha ukolezi wa ioni za haidrojeni kwa moli kwa lita (kwa kifupi M), na pH ni logi hasi ya ukolezi huo. Halijoto ni 25°C, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Shikamoo. Tulipewa asidi haidrokloriki yenye ukolezi wa 1.0 × 10⁻⁸ M tutafute pH yake. Kwa kuwa asidi hii hutengana yote, nilichukua logi nikapata 8, lakini mwalimu akaniwekea kosa. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, na jibu lako lenyewe lilikuwa linakuonya, kwa sababu pH ya 8 ni ya besi, ilhali asidi, hata iwe kidogo namna gani, haiwezi kuyageuza maji safi kuwa besi.

Tazama kilichomo majini. Ioni za H⁺ zinatoka sehemu mbili: kwenye asidi uliyotia na kwenye maji yenyewe, ambayo sehemu yake ndogo sana hutengana kuwa H⁺ na OH⁻, huku zao la ukolezi wa ioni hizo mbili likibaki 1.0 × 10⁻¹⁴ daima kwenye 25°C. Maji safi peke yake yana H⁺ ya 1.0 × 10⁻⁷, yaani mara kumi ya ile uliyoitia, nawe ulihesabu iliyo kidogo ukaiacha iliyo nyingi. Hata hivyo, usizijumlishe hivi hivi tu, kwa maana asidi inapoingia huyazuia maji kidogo yasitengane kama mwanzo. Njia salama ni kukumbuka kwamba chaji chanya na chaji hasi katika mmumunyo lazima zilingane: [H⁺] = 10⁻⁸ + [OH⁻]. Ukiweka 10⁻¹⁴ ÷ [H⁺] mahali pa [OH⁻], unapata mlingano wa kipeo cha pili, [H⁺]² − 10⁻⁸[H⁺] − 10⁻¹⁴ = 0, na jibu lake ni 1.05 × 10⁻⁷. Basi pH ni 6.98, chini ya 7 kwa kiasi kidogo mno, kama inavyostahili asidi iliyozimuliwa kiasi hicho. Asidi kali ikiwa na ukolezi unaozidi 10⁻⁶ M, unaweza kuyasahau maji bila hofu.

Mwanafunzi mwingine wa Iringa ameuliza kama pH ya maji safi ni 7 siku zote. Hapana. Maji yakipashwa moto hutengana zaidi, na kwenye 37°C maji safi kabisa yana pH ya karibu 6.8, nayo bado si asidi, kwa kuwa OH⁻ imeongezeka sawasawa na H⁺. Ile kanuni ya pH + pOH = 14, ambapo pOH ni logi hasi ya [OH⁻], ni ya 25°C.

Wanafunzi wangu walifanya titresheni mbili, yaani kuimiminia asidi besi kidogo kidogo mpaka zimalizane, kwa haidroksaidi ya sodiamu ya 0.10 M: moja ya asidi haidrokloriki na nyingine ya asidi asetiki, zote 0.10 M. Mita ya pH ilionyesha karibu 1 kwa ya kwanza na karibu 2.9 kwa ya pili, lakini kila moja ilimaliza sentimita za ujazo 25 za besi. Wanauliza inawezekanaje asidi dhaifu idai besi sawa na asidi kali. — Mwalimu wa kemia, Kisumu

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo ningependa lifundishwe kabla ya fomula yoyote. Mita ya pH huhesabu H⁺ zilizo huru kwa wakati ule, lakini bureti, ule mrija wa kumiminia na kupimia besi, huhesabu H⁺ zote ambazo asidi inaweza kutoa ikidaiwa. Katika asidi haidrokloriki ya 0.10 M zote zimekwisha kuwa huru, kwa hiyo pH ni 1.0. Katika asidi asetiki molekuli nyingi bado zimeishikilia haidrojeni yao. Kima chake cha msawazo, Ka, ni 1.8 × 10⁻⁵, na kwa ukolezi wa 0.10 M kipeuo cha pili cha Ka × 0.10 kinatupa [H⁺] ya 1.3 × 10⁻³ na pH ya 2.87. Ni kama molekuli 13 tu katika kila 1,000 zilizotengana. Ila kila tone la besi linapoziondoa H⁺ zilizo huru, molekuli nyingine hutengana kujaza pengo, mpaka zote ziishe.

Waonyeshe pia tofauti inayojitokeza mwishoni. Kwa asidi haidrokloriki, pale asidi na besi zinapomalizana flaski ina chumvi na maji tu, na pH ni 7. Kwa asidi asetiki flaski ina ioni za asetati za 0.050 M, nazo ni besi dhaifu zinazonyakua H⁺ kutoka kwenye maji, kwa hiyo pH ni 8.7. Ndiyo sababu fenolifthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kati ya 8 na 10, inafaa hapa, wakati methaili oranji, inayobadilika kati ya 3 na 4.5, ingewadanganya mapema sana.

Ombi langu moja kwa walimu wote: msiruhusu njia ya mkato ya kipeuo cha pili itumike bila kukaguliwa. Mpe mwanafunzi asidi asetiki ya 1.0 × 10⁻⁵ M. Njia ya mkato itamwambia [H⁺] ni 1.3 × 10⁻⁵, yaani asidi imetoa haidrojeni nyingi kuliko iliyokuwa nayo, jambo lisilowezekana. Mlingano kamili unatoa 7.2 × 10⁻⁶, na pH ni 5.15. Asidi ileile dhaifu, ikizimuliwa sana, imetengana kwa zaidi ya theluthi mbili. Besi dhaifu kama amonia hufuata hesabu hizihizi, ila kinachotafutwa kwanza ni [OH⁻].

Natakiwa kutengeneza lita moja ya bufa ya pH 5.0. Kabatini nina asidi asetiki ya 0.10 M na vipunje vya haidroksaidi ya sodiamu, lakini sina asetati ya sodiamu. Je, inawezekana? — Fundi wa maabara, Dodoma

Inawezekana, kwa sababu asetati utaitengeneza mwenyewe ndani ya bika. Bufa, yaani mmumunyo unaozuia pH isiyumbe, inahitaji asidi dhaifu na besi yake vikae pamoja kwa viwango vinavyokaribiana, na kila punje ya besi kali utakayotia itageuza sehemu ya asidi kuwa asetati. Fomula ni pH = pKa + log([asetati] ÷ [asidi]), na pKa, yaani logi hasi ya Ka, ya asidi asetiki ni 4.74. Unataka 5.0, basi logi iwe 0.26, na uwiano uwe 1.8. Katika moli 0.10 ulizonazo, 0.0645 zigeuke asetati na 0.0355 zibaki asidi. Moli 0.0645 za haidroksaidi ya sodiamu ni gramu 2.6.

Usiiamini mizani kupita kiasi, lakini. Vipunje vile hunyonya unyevu mara tu kopo linapofunguliwa: vikikaa dakika chache juu ya kioo cha kupimia huanza kung'aa, kisha hunata na kuacha majimaji chini yake, na sehemu ya uzito unaousoma huwa ni maji. Tia kama gramu 2.4, koroga mpaka ipoe, weka mita ya pH ndani, kisha malizia kwa matone ya besi iliyozimuliwa mpaka isome 5.00. Na ukiombwa bufa ya pH 8, usiitumie asidi asetiki. Bufa hufanya kazi vizuri ndani ya uniti moja juu au chini ya pKa yake, na zaidi ya hapo mmoja wa wabia wawili anakuwa haba mno.

Mama yangu hutia magadi kidogo kwenye maharage yaive haraka. Siku moja nilitia mara mbili yake, nikapima kwa karatasi ya pH niliyopewa na binti yangu wa sekondari, na rangi haikutofautiana na ile ya kiasi cha kawaida. Je, karatasi ni mbovu? — Mpishi, Tanga

Karatasi yako ni nzima, na kipimo chako ni kizuri. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, kwa sehemu kubwa ni madini ambayo ndani yake kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zimefungana kwa idadi sawa. Kaboneti ni besi, na bikaboneti ndiyo asidi dhaifu inayoambatana nayo. Kwa hiyo unapoyatia magadi kwenye maji, unakuwa umetengeneza bufa bila kupima chochote. Fomula niliyompa fundi wa Dodoma ndiyo hiyohiyo: pKa ya bikaboneti ni 10.3, uwiano ni moja kwa moja, logi ya moja ni sifuri, na pH inakuwa 10 na kidogo. Ukitia magadi mara mbili, kaboneti imeongezeka mara mbili na bikaboneti vilevile. Uwiano haukusogea, kwa hiyo pH nayo haikusogea.

Kilichoongezeka ni uwezo wa kustahimili asidi. Maharage yenyewe yana asidi zake, na nyanya ukizitia zina zaidi. Kijiko kimoja cha magadi kitamezwa upesi kuliko viwili. Kwa hiyo si kweli kwamba magadi mengi hayana madhara kwa kuwa rangi ya karatasi ni ileile. Besi hulainisha maharage kwa kuyeyusha viungo vinavyoshikilia chembe za ganda na nyama yake, lakini besi hiyohiyo huharibu vitamini B1, na magadi ya maeneo kadhaa ya kaskazini mwa Tanzania yana floraidi nyingi inayodhuru meno ya watoto. Mimi ningekushauri uyaloweke maharage usiku kucha, uyamwage maji yale, na magadi uyaache kabisa ikiwa watoto wanakula chungu hicho kila siku. Ukitaka msaada mdogo, tumia soda ya kuokea. Hiyo ni bikaboneti pekee, na maji yake yana pH ya karibu 8.3, ingawa ikichemka sana hupoteza kabonidioksidi na kupanda kuelekea upande wa magadi.

Mgonjwa wetu wa kisukari aliletwa akihema kwa kina na kwa kasi, na kipimo cha damu kikaonyesha pH ya 7.10. Daktari alihangaika sana. Kwa macho yangu tofauti na 7.40 ni ndogo. Pia nilisoma kwamba bufa kuu ya damu ina pKa ya 6.1. Kama bufa hufaa karibu na pKa yake tu, damu inalindwaje? — Muuguzi, Bukoba

Dada muuguzi, maswali yako yote mawili ni ya msingi, na nitayapa nafasi inayostahili.

Kuhusu udogo wa tofauti: kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akichunguza vimeng'enya katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, ambaye alichoka kuandika namba zenye sifuri nyingi baada ya nukta. Logi iliyaokoa macho, lakini hubana umbali. Rudisha namba zako kwenye ukolezi: pH ya 7.40 ni nanomoli 40 za H⁺ kwa lita, na 7.10 ni nanomoli 79. Damu ya mgonjwa wako ilikuwa na H⁺ karibu mara mbili ya kawaida. Kila pH ikishuka kwa 0.3, H⁺ huwa mara mbili, na hili ningependa kila anayesoma majibu ya damu alikariri. Damu ya kawaida hukaa kati ya 7.35 na 7.45, yaani nanomoli 45 hadi 35.

Sasa bufa. Damu ya kawaida ina bikaboneti milimoli 24 kwa lita na kabonidioksidi iliyoyeyuka milimoli 1.2. Uwiano ni 20, logi yake ni 1.3, na 6.1 + 1.3 ni 7.4. Ungelikuwa ni mmumunyo uliofungiwa kwenye chupa, shaka yako ingekuwa sahihi kabisa. Tuseme asidi za kisukari zimemwaga milimoli 12 za H⁺ katika kila lita. Zitameza bikaboneti 12, zibaki 12, na kila moja iliyomezwa itakuwa kabonidioksidi, ambayo sasa itafika 13.2. Logi ya 12 ÷ 13.2 ni hasi kidogo, na pH inaanguka hadi 6.06. Hakuna mtu anayeishi na damu hiyo.

Lakini mwili si chupa iliyofungwa. Kabonidioksidi inayozaliwa inatolewa na mapafu. Yakiitoa ile ya ziada tu, ikabaki 1.2 kama kawaida, uwiano unakuwa 12 ÷ 1.2, yaani 10, na pH ni 7.10, namba ileile uliyoisoma. Na mgonjwa akihema kwa nguvu zaidi mpaka shinikizo la kabonidioksidi lishuke kutoka milimita 40 za zebaki hadi 26, iliyoyeyuka inakuwa milimoli 0.78 hivi, na pH inapanda hadi karibu 7.29. Kuhema kule mlikokuona ndiyo kazi ya bufa ikifanyika mbele yenu. Ikiwa mgonjwa mwenye bikaboneti ya chini namna hiyo anaonekana kupunguza kasi ya kuhema huku fahamu zikimtoka, hiyo si nafuu hata kidogo: kabonidioksidi inaanza kurundikana na pH itaporomoka. Figo nazo hurudisha bikaboneti, ila huchukua saa nyingi hadi siku kadhaa.

Fomula unayoiona kwenye vitabu ilitokana na kazi ya Mmarekani Lawrence Henderson mwaka 1908, na Karl Hasselbalch wa Denmark akaja kuiandika kwa logi akiwa anachunguza damu hasa.

Nina bwawa la sato. Asubuhi nilipima amonia na kuambiwa kiwango si cha kutisha, pH ikiwa 7.5. Alasiri samaki walianza kupanda juu na kutweta, na baadhi wakafa. Sikuongeza chakula wala kitu chochote. — Mfugaji, Mwanza

Pole sana, ndugu. Hujasema kama ulipima pH tena ile alasiri, nami nashuku kwamba jibu liko hapo.

Vifaa vingi vya kupimia hutoa jumla ya amonia, lakini majini amonia ina sura mbili. Amoniamu, NH₄⁺, ni asidi dhaifu yenye pKa ya 9.25 na si sumu kubwa kwa samaki. Amonia yenyewe, NH₃, ni besi yake, nayo hupenya matamvua na kuua. Uwiano wao unaamuliwa na pH. Kwenye 7.5 ni chini ya 2 kwa 100 tu ya jumla iliyo katika sura ya sumu. Kwenye pH 9 ni 36 kwa 100, na maji yakiwa ya moto zaidi ya 25°C sehemu hiyo huongezeka. Jumla ileile uliyoipima asubuhi inaweza kuwa sumu mara ishirini ifikapo saa tisa alasiri, bila wewe kutia kitu.

Na kinachopandisha pH ni jua. Maji ya kijani yamejaa mwani, na mwani unapotumia mwanga hunyonya kabonidioksidi, ambayo ndiyo upande wa asidi wa bufa ya bwawa. Upande huo ukipungua, uwiano unaelemea kwenye besi na pH inapanda mpaka jioni, kisha hushuka usiku viumbe vyote vinapopumua. Bwawa lenye bikaboneti kidogo huyumba zaidi.

Yuko samaki mdogo wa jamii ya sato, Alcolapia grahami, anayeishi katika chemchemi za Ziwa Magadi kwenye pH ya karibu 10, ambako amonia haiwezi kutoka mwilini mwake kwa njia ya kawaida. Yeye huigeuza kuwa urea na kuitoa hivyo. Sato wako hana uwezo huo, kwa hiyo ni juu yako kuyatengeneza maji.

Pima pH mara mbili, alfajiri na saa tisa alasiri, na pima amonia saa hiyohiyo ya alasiri. Ikifika 9, simamisha chakula siku hiyo na uingize maji mapya kadiri uwezavyo. Mtu akikushauri umwage chokaa, muulize ni chokaa ipi. Ile ya kupakia ukuta ni haidroksaidi ya kalisi, besi kali itakayopandisha pH palepale na kuzidisha sumu uliyokwisha kuwa nayo. Chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, huyeyuka polepole, huongeza bikaboneti na haipandishi pH kupita kiasi, lakini hiyo nayo itie wakati bwawa limetulia, wiki kadhaa kabla ya kuongeza vifaranga, si siku ambayo samaki wanatweta.